Wasomaji Wanauliza: Mtwara hadi Guangzhou ni Mbali Kiasi Gani, na ni Saa Ngapi Angani?

Maswali ya toleo hili yametoka Kusini, na karibu yote yanahusu safari moja: kutoka kwetu hadi Guangzhou, China, mji ambao wafanyabiashara na wanafunzi wengi wanauendea. Tumejibu kwa hesabu ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na sasa nataka kufuata mzigo Guangzhou mwenyewe badala ya kuchukua Kariakoo. Simu inaniambia Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilomita 8,700. Wakala wa tiketi anasema 9,800. Mwenzangu aliyewahi kwenda anasema ni saa 10 na nusu za ndege, ila tiketi yake imeandikwa kuondoka 22:50 na kufika 14:20, ambazo nikihesabu kwa vidole napata saa 15 na nusu. Nimwamini nani? (Mfanyabiashara, Shangani, Mtwara)

JIBU: Waamini wote, ndugu yetu. Kila mmoja kapima kitu chake.

Kilomita 8,700 ni urefu wa uzi ulionyooshwa juu ya tufe kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou. Uzi huo unaelekea kaskazini mashariki, unavuka Bahari ya Hindi, unaingia India karibu na Kochi, unakata Ghuba ya Bengal, unapita Myanmar na Laos, unasogea jirani na Hanoi, halafu unafika. Hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Zile 9,800 za wakala ni za abiria anayebadilisha ndege. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 3,980, na Dubai hadi Guangzhou 5,830. Wengi hudhani kupitia Addis Ababa kunapunguza kitu, kwa kuwa Addis iko karibu nasi. Hakupunguzi. Dar hadi Addis ni 1,760, na Addis hadi Guangzhou ni 8,040, jumla ni ileile 9,800. Kwa hiyo ukiwekewa tiketi hizo mbili mezani, acha kilomita, tazama saa za kusubiri kati ya ndege na ndege. Hapo ndipo safari moja inapochukua saa 15 na nyingine 26.

Halafu wewe huanzii Dar. Mstari wa kutoka Mtwara moja kwa moja hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,780. Lakini lazima upande kwanza hadi Dar, kilomita 400 za angani, kwa hiyo safari yako ni kilomita 9,100 hata ukipata ndege isiyotua popote baada ya Dar.

Sasa saa. Tiketi ya ndege huandikwa kila mara kwa saa ya mji husika: muda wa kuondoka ni saa ya Dar, wa kufika ni saa ya Guangzhou. China iko mbele yetu kwa saa 5, mwaka mzima, na nchi nzima inatumia saa moja. Rudisha muda wa kufika kwenye saa ya Dar kwanza: 14:20 toa 5 ni 09:20. Kutoka 22:50 hadi 09:20 ya asubuhi yake ni saa 10 na dakika 30. Mwenzako alisema kweli kabisa. Kama pembeni ya muda wa kufika kuna alama ya +1, maana yake unafika siku inayofuata tarehe ya kuondoka.

Muda huo nao si wa kuwa angani mtupu. Mashirika yanahesabu tangu ndege inapoachana na lango la kuondokea hadi inapoegeshwa na magurudumu kuwekewa vizuizi. Ndani yake kuna mwendo wa taratibu ardhini, kusubiri ruhusa ya mnara, kupanda na kushuka, na njia za angani ambazo hazifuati uzi wetu kwa unyoofu. Ndege kubwa ikiwa juu inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, lakini ukigawa kwa 900 utapata muda mfupi kuliko ratiba. Tunashauri utumie kanuni hii: gawa umbali wa uzi kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Kwa Guangzhou utapata saa 10 na dakika 45. Kwa Dubai saa 5 na dakika 10. Kwa Mumbai (kilomita 4,680) saa 6. Kwa London (7,500) saa 9 na dakika 20. Ukikuta tiketi inazidi hesabu hiyo kwa saa moja na zaidi, uliza kama ndege inatua njiani. Ndege inayotua njiani inaweza kuwa na namba moja ya safari tangu mwanzo hadi mwisho, na abiria akaambiwa ni "moja kwa moja".

Kurudi usitarajie muda uleule. Wazee wa Mikindani walijua jahazi halilazimishwi: kaskazi inaleta, kusi inarudisha. Juu kwenye kilomita 10 au 11 kuna pepo zake nyingine, na zile kali za upande wa kusini mwa China na kaskazini mwa India huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa Desemba hadi Februari. Chukulia upepo wa wastani wa kilomita 60 tu kwa saa. Ukienda nao, kilomita 8,700 kwa mwendo wa 960 ni saa 9 na dakika 4. Ukirudi dhidi yake, kwa mwendo wa 840, ni saa 10 na dakika 21. Ni ndege ileile na umbali uleule, ila dakika 77 zimekwenda na upepo. Ukipanga kuunganisha ndege ya Mtwara siku ya kurudi, hesabu kwa muda wa kurudi, si wa kwenda.

Jambo la mwisho kwako kama mfanyabiashara: maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, katikati ya Aprili hadi mwanzo wa Mei, na katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Kama huendi kwa ajili ya maonyesho, epuka wiki hizo. Tiketi na vyumba vinapanda.

SWALI: Kaka yangu tiketi yake iliandikwa 00:40 tarehe ya Ijumaa. Tukamwambia ni saa 6:40 usiku wa Ijumaa. Alifika uwanjani Ijumaa saa 3 usiku, akaambiwa ndege iliondoka jana usiku. Kosa lilikuwa la nani? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Tumesikitika sana, kwa sababu kosa hili linajirudia na linakula nauli nzima. Saa mlibadilisha vizuri. Mliteleza kwenye siku.

Tiketi inahesabu siku mpya kuanzia 00:00, yaani saa 6 kamili usiku. Kwa hiyo 00:40 ya Ijumaa ni dakika 40 tu baada ya Alhamisi kwisha. Alitakiwa awe uwanjani Alhamisi saa 3 na nusu usiku. Kwa maneno yetu, ule ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na ajabu ni kwamba hesabu ya zamani ya Pwani, ambayo usiku hutangulia mchana wake, ingemwokoa: kwa wazee, usiku wa Ijumaa ndio huo huo wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Siku hizi wengi wetu tunasema "Ijumaa usiku" tukimaanisha baada ya swala ya Ijumaa kupita, na hapo ndipo ndege inapotuacha.

Kubadilisha saa ni hivi: toa 6 kwenye saa ya tiketi, jibu likifika 13:00 au zaidi, toa 12 tena. 14:20 inakuwa saa 8:20 mchana. 22:50 inakuwa 16:50, kisha saa 4:50 usiku. Kwa saa za kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6 badala ya kutoa, na hapohapo andika kwa kalamu juu ya tiketi: "Niende uwanjani usiku wa kuamkia tarehe hii." Usimtumie msafiri ujumbe wa saa peke yake. Mwandikie siku ya kutoka nyumbani.

SWALI: Binti yangu amepata chuo Guangzhou. Tunakaa Lindi mjini. Ni afadhali apande basi hadi Dar, au ashuke Mtwara apande ndege? Wengine wanasema kwenda Mtwara ni kurudi nyuma. (Mama, Lindi)

JIBU: Mama yetu, ni kurudi nyuma kweli, kilomita zaidi ya 100 kuelekea kusini, halafu ndege inapita tena karibu na kwenu ikienda kaskazini. Lakini kinachopimwa ni saa.

Kwa basi, Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450: Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Mbagala. Mabasi yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata lisiposimama popote ni zaidi ya saa 5 na nusu. Kwa vituo, mizani, chakula na foleni ya kuingia Dar, weka saa 8. Kwa Mtwara: saa 2 za barabara, saa 1 na nusu ya kuwahi uwanjani, saa 1 na dakika 10 za ndege, nusu saa ya kusubiri begi Dar. Jumla ni saa 5 na dakika 10. Unaokoa chini ya saa 3, na nauli ya ndege ni kubwa.

Kama ndege yake ya kimataifa inaondoka usiku, sisi tungechagua basi la alfajiri wakati wa kiangazi. Akitoka Lindi saa 12 asubuhi atakuwa Mbagala saa 8 mchana, na asiende hadi katikati ya mji. Ateremke Mbagala Rangi Tatu achukue teksi au bajaji hadi uwanjani, akijipa saa 1 na nusu kwa sababu ya foleni. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa saa 3 kabla ya ndege na kufungwa saa 1 kabla. Bado atakuwa na nafasi kubwa hata basi likipasua tairi.

Masika ni habari nyingine. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo kwenye maeneo ya Somanga na Kusini ikakaa siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar. Kuanzia Machi hadi Mei, aondoke siku mbili kabla, kwa njia yoyote ile.

Mkiamua ndege ya Mtwara, swali la kumwuliza wakala ni moja: je, safari yote iko kwenye tiketi moja? Ikiwa tiketi moja, begi linapewa lebo tangu Mtwara na ndege ya kwanza ikichelewa wanalazimika kumtafutia nyingine. Asome lebo kabla begi halijapotelea kwenye mkanda: herufi za mwisho wa safari lazima ziwe CAN, ambazo ndizo za Guangzhou (wengi huziona wakadhani begi linakwenda Kanada). Zikiwa DAR, begi litaishia Dar na atalazimika kulichukua mwenyewe.

Ikiwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili halimjui wala halimngoji. Hapo tunasema saa 5 kati ya kutua Dar na kuondoka, zisipungue. Ndege za ndani zinashusha Jengo la Pili, za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, na kutoka moja hadi jingine na mabegi unahitaji gari. Angalia pia uzito: tiketi ya nje ikiruhusu mabegi mawili ya kilo 23, ile ya Mtwara–Dar huenda ikaruhusu moja tu. Pima nyumbani, kwa mizani ya dukani ikibidi. Kilo zinazozidi zinalipiwa Mtwara hapo hapo kaunta, na foleni ya kupanga upya nguo sakafuni ndiyo inayomchelewesha mtu.

SWALI: Niko Kidato cha Nne. Darasani tunapata umbali kama miji iko kwenye longitudo moja au latitudo moja. Dar na Guangzhou zinatofautiana zote mbili. Hiyo 8,700 inapatikanaje? (Mwanafunzi, Lindi)

JIBU: Unaweza kuipata leo kwa kitabu chako cha majedwali. Chukua Dar 7° Kusini, 39° Mashariki. Guangzhou 23° Kaskazini, 113° Mashariki. Tofauti ya longitudo ni 74°. Kanuni: kosaini ya pembe kati ya miji miwili ni sawa na (saini ya latitudo ya kwanza × saini ya latitudo ya pili) + (kosaini ya kwanza × kosaini ya pili × kosaini ya tofauti ya longitudo).

Kwa kuwa Dar iko kusini, latitudo yake ni hasi: −0.1219 × 0.3907 = −0.0476. Sehemu ya pili: 0.9925 × 0.9205 × 0.2756 = 0.2518. Jumla 0.2042, pembe ni 78.2°. Kila digrii moja ya duara kuu la dunia ni kilomita 111.2. Zidisha: karibu 8,700.

Makosa ya wanafunzi wengi yako kwenye alama ya hasi. Ukiisahau unapata 0.2994, pembe 72.6°, na umbali wa kilomita 8,070. Umeifupisha dunia kwa zaidi ya kilomita 600, sawa na kuiweka Dar kaskazini mwa ikweta.

Kama shule yenu ina tufe la kipenyo cha sentimita 30, hakiki kwa uzi. Bana ncha moja Dar, vuta uzi hadi Guangzhou mpaka ukaze wenyewe, usiuelekeze wewe. Weka alama, pima kwa rula. Utapata karibu sentimita 20 na nusu, na kila sentimita ni kilomita 425. Fuata uzi kwa kidole uone unavyopita kusini mwa India.

Na kwa nini tofauti ni saa 5 kamili? Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo 45° Mashariki, ya China kwenye 120°. Tofauti 75°, gawa kwa 15. Mstari wa 45° haugusi hata ardhi yetu. Msimbati, huko mashariki mwa Mtwara, iko kwenye 40 na kidogo tu.

SWALI: Uwanja wa Mtwara umeshapanuliwa. Kwa nini tusiruke moja kwa moja kwenda nje? (Msomaji, Chuno, Mtwara)

JIBU: Njia ya kurukia sasa ni mita 2,800, na ni maendeleo makubwa. Lakini ndege ya safari ya saa 10 ina viti zaidi ya 250, na inabeba mafuta mengi kiasi kwamba uzito wake wakati wa kuruka unadai njia ndefu zaidi kuliko safari fupi. Ugumu mkubwa ni viti: lazima vijae kila wiki, kwenda na kurudi. Safari fupi za nchi jirani ndizo zenye nafasi ya kuanza mapema.

SWALI: Kwenye ndege ya usiku kwenda China, nitajuaje wakati wa Alfajiri? Saa yangu niiache ya Dar? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Saa ya Dar itakupoteza. Ndege inayokwenda mashariki inakimbilia jua linakotoka. Kwenye safari hii inakata zaidi ya digrii 7 za longitudo kila saa, sawa na kuusogeza usiku mbele kwa karibu nusu saa kwa kila saa unayokaa kitini.

Ukiondoka Dar 22:50, jua litachomoza karibu na saa 10 usiku kwa saa ya Dar, ukiwa umesafiri kama saa 5, ndege ikikaribia au ikiwa juu ya kusini mwa India. Anayengoja saa 11 kama alivyozoea nyumbani atafungua kidirisha akute mchana mweupe. Na wakati wenyewe wa Alfajiri unafupika: ule wa saa moja na robo wa Pwani unakuwa kama dakika 50. Kutoka juu pia upeo wa macho uko chini zaidi, kwa hiyo jua linaonekana dakika kama 10 kabla ya mtu aliye ardhini chini yenu kuliona.

Kwa hiyo weka kengele saa 9 usiku ya Dar, keti dirishani upande wa kulia ikiwezekana, na uangalie mbele ya bawa weupe wa kwanza. Skrini ya kiti ikionyesha ramani, itazame: mkiwa karibu na pwani ya India, muda unakaribia kwisha. Kibla wakati huo kiko nyuma ya ndege, upande wa kushoto. Namna ya kuswali ukiwa kitini, mwulize sheikh wako kabla hujasafiri. Na maji ya kutawadha ni ya beseni dogo la chooni, foleni huwa ndefu watu wakiamshwa kwa chakula, basi tawadha mapema.